Maisha ya Peter Anich, Mkulima Aliyeipima Nchi ya Milima

Kila mwalimu aliyepata kutundika ramani ukutani mbele ya watoto anajua jinsi wanavyoitazama. Kwanza wanatafuta mto, kisha wanatafuta mlima, halafu mmoja wao anauliza ni nani aliyepanda juu sana hata akaiona nchi yote kwa mara moja. Swali hilo ni jema, na jawabu lake ni kwamba hakuna mtu aliyepanda juu hivyo. Ramani za zamani zilifanywa na watu waliokwenda kwa miguu, hatua kwa hatua, kilima baada ya kilima. Kwa kuwa katika kitabu hiki cha jubilei twawakumbuka wale waliotutangulia katika kazi, tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja wa kazi hiyo. Aliishi mbali nasi, na amekufa zamani, lakini maisha yake yawafaa walimu na wanafunzi wa mahali po pote. Jina lake ni Peter Anich.

Alizaliwa katika nchi ya Tyrol, iliyo katika milima mikubwa ya Ulaya iitwayo Alps. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya watawala wa Austria. Tangu mwaka wa 1919 imegawanyika, upande wa kaskazini ni wa Austria na upande wa kusini ni wa Italia. Mito miwili ndiyo inayoifanya nchi hiyo ikalike. Wa kwanza ni Inn, unaotoka Uswisi, ukapita chini ya kuta za milima hata mji wa Innsbruck, ukaendelea mpaka kuungana na mto mkubwa wa Danube. Wa pili ni Adige, ambao watu wasemao Kijerumani huuita Etsch, nao unashuka kwenda kusini mpaka bahari ya Adria. Watu wengi wanakaa katika mabonde ya mito hii, au kwenye miteremko iliyo karibu nayo. Juu yao ni malisho na misitu, juu ya misitu ni miamba mitupu, na juu ya miamba ni theluji na barafu.

Magharibi ya Innsbruck, juu ya bonde la mto Inn, kipo kijiji kiitwacho Oberperfuss. Huko ndiko alikozaliwa Peter Anich, mwezi wa Februari mwaka wa 1723. Baba yake aliitwa Ingenuin, naye alikuwa mkulima, na tena alikuwa fundi wa kukereza miti. Mtoto alijifunza kwa baba yake kazi zote mbili: kulima na kuchunga mifugo, na kuishika keekee na patasi hata gogo likawa bakuli au mguu wa kiti. Shule hakuipata ila kidogo, kama walivyoipata watoto wa wakulima wa siku zile. Baba yake alipokufa, kazi ya shamba ilimwangukia yeye, na watu wote walidhani ya kuwa maisha yake yatakwisha palepale yalipoanzia, kwenye jembe na mkerezo.

Lakini moyoni mwake kulikuwa na tamaa nyingine. Tangu ujana wake alipenda kuzitazama nyota, akataka kujua mwendo wao. Tena alipenda kuchora saa za jua, ndizo zile zinazoonyesha saa kwa kivuli cha kijiti. Mwenye kuchora saa ya namna hiyo hana budi kujua jinsi jua linavyopanda na kushuka katika majira yote ya mwaka. Akikosea pembe moja, saa yake itasema uongo kila siku. Anich alitambua kwamba mikono yake ilikuwa na ustadi, lakini maarifa yake yalikuwa na mwisho, na kwamba pasipo mwalimu hataweza kuendelea.

Katika mwaka wa 1751, alipokuwa na umri wa miaka 28, alishuka kwenda Innsbruck, akamtafuta padre mmoja wa Shirika la Yesu, jina lake Ignaz Weinhart, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha mji ule. Na tufikiri kidogo juu ya saa ile. Upande mmoja alisimama mkulima mwenye mikono migumu, asiyejua Kilatini, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya elimu. Upande wa pili alikaa mwalimu mkuu, mwenye wanafunzi waliotoka katika nyumba za wakubwa. Kama padre yule angalimrudisha kwa maneno mazuri, hapana mtu ambaye angalimlaumu, nasi leo tusingalikuwa na habari hii ya kusimulia. Padre Weinhart hakumrudisha. Alimkubali, na kwa kuwa Anich hakuweza kuliacha shamba siku za kazi, alimfundisha siku za Jumapili na za sikukuu. Basi kwa miaka mingi mkulima yule alishuka bondeni siku za mapumziko ili ajifunze hesabu, elimu ya pembe na mistari, elimu ya nyota, na kazi ya kupima nchi, kisha akarudi kijijini kwake kulisha ng'ombe.

Matunda ya kwanza ya mafundisho hayo yalikuwa matufe mawili makubwa. Moja lilionyesha mbingu na nyota zake, nalo lilimalizika mwaka wa 1756. La pili lilionyesha dunia yetu, nalo lilimalizika mwaka wa 1759. Upana wa tufe la mbingu ni kama meta moja. Hapo ustadi wa mkerezaji na elimu ya mwanahesabu vilikutana katika mtu mmoja, maana si kila mwenye kujua nyota aweza kulifanya tufe liwe mviringo sawasawa, wala si kila mwenye kulikereza tufe aweza kuziweka nyota mahali pake. Matufe hayo yamehifadhiwa Innsbruck, katika nyumba ya makumbusho ya nchi ya Tyrol. Kazi ya baba yake, ambayo wengine wangaliiona kuwa ndogo, haikuwa kizuizi kwake, ilimsaidia.

Sasa tuje kwenye kazi iliyomletea sifa kuliko zote. Wakati ule watawala wa Austria walitaka ramani ya kweli ya Tyrol. Ramani zilizokuwapo hazikuaminika. Milima ilichorwa kama vichuguu vilivyopangwa mstari, na mabonde yaliwekwa kwa kukisia. Mtu mmoja mwenye elimu, Joseph von Spergs, alikuwa ameanza kuipima sehemu ya kusini, lakini aliitwa Vienna kwa kazi nyingine za serikali. Ikatakiwa mtu wa kuipima sehemu ya kaskazini. Padre Weinhart akamtaja mwanafunzi wake, mkulima wa Oberperfuss. Katika mwaka wa 1760 Anich akaianza kazi hiyo.

Wasomaji wataka kujua alifanyaje, nasi twapenda kueleza, kwa sababu kila mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo lenyewe katika uwanja wa shule. Chomeka vijiti viwili ardhini, upime kwa kamba urefu ulio kati yao. Halafu chagua mti ulio ng'ambo ya mto, ambao huwezi kuufikia. Simama penye kijiti cha kwanza, upime pembe iliyo kati ya kijiti cha pili na mti ule. Kisha nenda penye kijiti cha pili, ufanye vivyo hivyo. Ukichora urefu ule na pembe zile mbili katika karatasi, mistari miwili itakutana mahali pamoja, na hapo ndipo mti ulipo. Umejua umbali wake, wala hukuvuka mto. Sasa mti ule waweza kuwa kijiti chako kipya, nao utakuonyesha kilima, na kilima kitakuonyesha mnara wa kanisa, na mnara utakuonyesha mlima ulio mbali. Hivyo nchi yote hufunikwa kwa pembetatu, kama wavu wa mvuvi unaoenezwa fundo kwa fundo.

Kwa maneno jambo hilo ni jepesi, lakini katika bonde la milimani ni gumu sana. Aliye chini penye mto haoni mbali, maana kuta za mlima zimemzunguka. Hana budi kupanda mpaka aone bonde la pili, kisha ashuke, avuke maji, apande tena upande wa pili. Akifika juu, pengine ukungu umeshuka kabla yake, wala haoni kitu, naye hana budi kungoja au kurudi siku nyingine. Kila kijito kinachoingia katika Inn kina bonde lake, na kila bonde lina mabonde madogo, na katika kila moja mna vijiji, mashamba, njia na madaraja yanayopaswa kuandikwa. Miezi ya kufaa ni michache, kwa sababu wakati wa baridi theluji huzifunga njia za juu. Basi wakati wa jua alitembea na kupima, akichukua vyombo ambavyo vingine alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na wakati wa baridi alikaa nyumbani kuhesabu na kuchora.

Tena milima haikuwa adui wake wa pekee. Wenyeji wa mabonde walipomwona mtu anayesimamisha vyombo vya ajabu na kuandika habari za mashamba yao, waliingiwa na hofu. Walidhani ya kuwa amekuja kwa ajili ya kodi mpya, wakamkatalia msaada, na mara nyingine walimtisha. Sisi hatuwezi kuwacheka. Mkulima hujua kwamba kalamu ya serikali ikiisha kuandika habari za shamba, mara nyingi mtoza kodi hufuata. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba aliyeogopwa hivyo alikuwa mkulima kama wao, aliyesema maneno yao na kujua jasho lao. Lakini naye hakuwa na neno la kuwaondolea shaka ila subira yake. Aliendelea kuuliza majina ya vijito na vilele, na kuyaandika.

Kwa miaka michache sehemu ya kaskazini ilikuwa imepimwa. Lakini alipofika hapo, jasho lake lilipata jaribu jingine. Wakuu wa Vienna waliona kwamba ramani aliyoichora ni kubwa mno, wakaagiza ipunguzwe. Kwa mchoraji amri ya namna hiyo si ndogo, maana mambo yaliyopata nafasi katika karatasi kubwa husongamana katika karatasi ndogo, nayo kazi ya miaka huchorwa upya toka mwanzo. Tena ilionekana kwamba ramani ya kusini, ile iliyofanywa na Spergs na kupigwa chapa mwaka wa 1762, haikupatana vema na kazi ya Anich. Basi akaagizwa aipime na sehemu ya kusini. Mtu mwingine angaliweza kuziunganisha ramani mbili kwa hila, akinyosha hapa na kukunja pale, hata macho ya wakubwa yasitambue. Anich hakufanya hivyo. Alichukua tena vyombo vyake, akauvuka mlima kwenda kulipima bonde la Adige.

Kazi ilikuwa imezidi nguvu za mtu mmoja. Kwa hiyo katika mwaka wa 1765 alimchukua msaidizi, naye hakumtafuta mbali. Alimchagua Blasius Hueber, kijana mkulima wa kijiji chake mwenyewe, aliyezaliwa mwaka wa 1735. Akamfundisha kupima na kuchora, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Twawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana bila hilo mwisho wa habari hii ungalikuwa mwingine.

Bonde la Adige, chini ya mji wa Bozen, siku zile lilikuwa na vinamasi vingi. Mto ulijipinda na kufurika, na maji yake yakatuama. Watu wa pande zile walijua kwamba wageni huugua huko, nao waliisingizia hewa inayotoka matopeni. Hata jina la malaria, katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Ilipita zaidi ya miaka mia kabla ya wataalamu kugundua, katika mwaka wa 1897 na 1898, kwamba mchukuzi wa homa hiyo ni mbu. Sisi tunaoijua homa hiyo nyumbani mwetu hatuhitaji kuelezwa inavyomfanya mtu. Anich alitoka katika kijiji cha juu, chenye baridi na hewa kavu. Akafanya kazi siku nyingi kando ya vinamasi vile, na katika mwaka wa 1765 homa ikamshika.

Alirudi kwao akiwa mgonjwa. Habari za kazi yake zilikuwa zimefika mpaka kwa Malkia Maria Theresia aliyetawala huko Vienna, naye akampa nishani ya dhahabu, na malipo ya gulden 200 kila mwaka katika maisha yake. Heshima hiyo ilikuwa kubwa kwa mkulima, lakini ilimfikia akiwa amekwisha dhoofika. Hakuyafaidi malipo hayo muda mrefu. Tarehe 1 Septemba mwaka wa 1766 alikufa huko Oberperfuss, katika umri wa miaka 43. Ramani ilikuwa haijamalizika.

Mara ngapi tumeona kazi njema ikifa pamoja na aliyeianza? Mtu hujenga, hufundisha, hupanda. Akiisha kuondoka, nyasi huota mlangoni, kwa sababu maarifa yote aliyachukua kichwani mwake akaenda nayo kaburini. Kazi ya Anich nayo ingaliweza kufa hivyo. Karatasi zake zingaliwekwa sandukuni huko Innsbruck, na serikali ingalimtafuta mtu mwingine wa kuanza upya, au isingalimtafuta. Lakini alikuwako Hueber. Kijana yule aliyakuta mahesabu ya mwalimu wake, akayafahamu kwa kuwa alikuwa amekaa pamoja naye kazini. Akarudi katika mabonde ya kusini, kwenye vinamasi vilevile vilivyomwua aliyemtangulia, akapima mpaka mwaka wa 1769 kazi ya shambani na milimani ilipokwisha. Padre Weinhart aliendelea kuisimamia kazi yote.

Ramani ilichongwa katika mabamba ya shaba huko Vienna na fundi Johann Ernst Mansfeld, ikatoka mwaka wa 1774. Inajulikana kwa jina la Atlas Tyrolensis. Ina karatasi 20, pamoja na karatasi moja ndogo ya kuonyesha nchi yote. Kila sentimita moja ya karatasi ni zaidi kidogo ya kilometa moja ya nchi. Ndani yake mna vijiji na makanisa, ngome, migodi, chemchemi za dawa, malisho ya juu, na milima ya barafu pamoja na majina yake. Wataalamu wameihesabu kuwa moja katika ramani zilizo bora kuliko zote za Ulaya katika karne ile. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vilipoingia katika Tyrol, Wafaransa nao waliitumia. Ndivyo ilivyo hali ya ramani; humwongoza kila mwenye kuishika, mwenyeji na mgeni, mwenye nia njema na asiye nayo.

Katika anwani ya ramani yameandikwa majina ya watu watatu waliohusika na kuipima: Peter Anich, Blasius Hueber, na Ignaz Weinhart aliyeisimamia. Mmoja alikuwa amekufa miaka minane kabla yake. Hueber alipima nchi nyingine pia, na ramani yake ya Vorarlberg, jirani ya Tyrol, ilitoka mwaka wa 1783. Naye akamfundisha mpwa wake, Anton Kirchebner, hata watu wakazoea kuwataja wote watatu kwa jina moja, yaani wapima nchi wakulima. Walikuwako na wengine, waliobeba vyombo na kushika miti juu ya vilele, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya karatasi. Nao pia waliifanya ramani ile.

Tukiyatazama maisha haya, twaona mnyororo wenye pete nne. Padre mmoja alikubali kuzitoa Jumapili zake kwa ajili ya mkulima. Mkulima alikubali kumfundisha kijana wa kijiji chake kabla hajajua kwamba atakufa. Kijana akaikamilisha kazi isiyokuwa yake, wala hakulifuta jina la aliyemtangulia. Kisha akaikabidhi kwa mtoto wa ndugu yake. Pete moja ikikatika, ramani ile isingalikuwapo. Vinamasi vya Adige vilikaushwa katika karne ya 19, mto ukanyoshwa, na mahali palipokuwa na homa sasa pana mashamba. Ukitaka kujua maji yalipita wapi zamani, huna budi kuifungua ramani ya Anich na Hueber, maana waliyaandika kama walivyoyaona.

Basi, enyi walimu wenzetu, mtoto akiuliza tena ni nani aliyepanda juu hata akaiona nchi yote, mwambieni habari za mkulima wa Oberperfuss. Na siku mtu mzima mwenye mikono ya jembe atakapobisha mlangoni pa nyumba ya mwalimu, baada ya sala za Jumapili, akaomba kufundishwa, tumkaribishe, tumpe kiti.